Kitanda Kisicholia

Nimeendesha greda la serikali mpaka nikastaafu, kwa hiyo mambo mengi ninayoyajua niliyakuta chini ya ardhi. Barabara ya Mpui, kabla haijawekwa lami, niliwahi kuiparua kutwa nzima mpaka nikafikia barabara nyingine iliyokuwa chini yake, ya enzi za Mjerumani, na kwenye barabara hiyo nikamkuta mzee anasukuma toroli la matofali. Nikamwamkia. Akaniuliza kama vita imekwisha.

Watu wakisikia habari hiyo hucheka, au huniita mwongo na kuomba nyingine. Sadoki peke yake ndiye aliyeweka randa chini akauliza, "Ukamjibu nini?" Tangu siku hiyo tukawa marafiki, na jina la Greda likanibaki hata baada ya greda lenyewe kuota magugu.

Sadoki alikuwa fundi vitanda pale Kizwite. Kwao ni Tukuyu. Alikuja Sumbawanga kijana, msumeno begani, akaoa binti wa Mpui aitwaye Evodia, wakajenga Izia jirani na kwangu, wakapata mtoto mmoja, Suma, ambaye sasa ana maisha yake Mbeya. Vitanda vya Sadoki vilikuwa vya mninga, na sifa yake ilikuwa hii: havikulia. Kitanda kinacholia, alisema, kinapeleka habari za nyumba kwa jirani. Kwa hiyo kitanda chake hakikutoka karakana mpaka wenye nacho waje wote wawili, mume na mke, wakikalie, mume kulia, mke kushoto, kama wanaopigwa picha. Sadoki aliinama akaweka sikio kwenye chaga. Kikitoa hata sauti ya panya, kinarudi kwenye benchi. Mabinti walifunika uso kwa kanga, na wapita njia walisimama kutoa ushauri ambao hawakuombwa.

Jambo lingine alilolishika kama amri ya kanisa ni kwamba kitanda kikiyumba, usikate mguu kukilinganisha. Weka kipande cha boksi chini, basi. "Ukikata huku kitayumba kule," alisema. "Ukifuata, huachi." Mimi nilimuunga mkono, maana Mpui namjua mtu aliyelinganisha miguu ya kitanda chake kuanzia Pasaka, akikata hapa kidogo na pale kidogo, mpaka Krismasi ikamkuta amelala chini na godoro linayumba bado.

Sukari ilipompata, wa kwanza kuiona walikuwa sisimizi. Nyuma ya karakana, pale alipozoea kukojoa, walipanga foleni kama watu wanaosubiri mbolea ya ruzuku. Nikamwambia, "Fundi, ama umegeuka muwa, ama nenda kapime." Akaenda, akarudi na vidonge na maelekezo.

Evodia akaigeuza nyumba. Sukari ya chai aliniletea mimi, yote na mkebe wake. Ugali ukawa wa ulezi, mboga zikazidi, mafuta yakapungua. Kila jioni alimwosha mumewe miguu kwa maji ya vuguvugu, akazigeuza nyayo huku na huku kama mtu anayechagua viazi sokoni, akitafuta mchubuko. Miguu ile ilikuwa imeshaanza ganzi. Sadoki alisema ganzi ni baridi ya Ufipa tu, nani hapa mwezi wa sita hana ganzi? Na kweli, mwezi wa sita hapa kwetu jogoo wangu huwa anawika akiwa chini ya blanketi, na mimi ndiye ninayemfunika.

Siku moja ya upepo nilikuwa nimekaa karakana nikimzuia kufanya kazi. Alikuwa anapiga msasa ubao ambao ulishalainika zamani.

"Greda," akasema bila kuinua uso, "gundi haishiki."

Nikatikisa kitanda kilichokuwa mbele yetu. "Mbona kimekaza?"

"Sisemi kitanda."

Msasa ukaendelea kwenda na kurudi. Nikaelewa.

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mwaka jana. Mwanzo nilisingizia uchovu. Siku hizi naingia kulala mapema, nageukia ukuta kabla hajaja. Nakoroma macho wazi."

"Mwenzio anasemaje?"

"Hasemi. Hapo ndipo pabaya. Angesema ningejua pa kujibia."

Ninayo habari ya fahali mmoja wa Laela inayohusu jambo hilo hilo, na ni nzuri, lakini siku hiyo niliimeza. Nikamwambia niliyoyasoma, maana mimi nasoma chochote, hata gazeti lililofungiwa maandazi. Sukari ikikaa mwilini inakula mishipa, na huko nako kuna mishipa. Si uchawi, wala si uzee. Waeleze kliniki, wana dawa zao.

"Nitawaeleza," akasema. "Lakini twende wote."

Tukaenda. Muuguzi wa siku hiyo alikuwa Happy. Happy tulimjua tangu akiwa anavuja kamasi. Baba yake ni mzee wa kanisa letu la Moraviani, na kitanda cha arusi ya Happy kilitoka kwenye benchi la Sadoki.

"Shikamoo baba. Shikamoo mzee Greda."

"Marahaba, mwanangu."

Akampima, akatikisa kichwa kidogo, akauliza miguu ikoje.

"Ganzi kidogo. Ya baridi."

"Macho?"

"Yapo."

"Na mambo ya ndani, baba? Ukiwa na mama, mwili unaitika? Wagonjwa wengi wa sukari wanapata shida huko. Si aibu. Tukijua mapema tunasaidia."

Alisema vizuri sana binti yule, bila kucheka, bila kutazama pembeni. Sadoki akamtazama. Nadhani alimwona upande wa kushoto wa kitanda, uso ndani ya kanga, mchumba wake akicheka.

"Huko hakuna neno, mwanangu. Tuko salama."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa."

Happy akanigeukia mimi. Mimi nikawa nasoma picha ya figo ukutani.

"Basi kliniki ijayo njoo na mama," akasema. "Nina mafundisho yenu nyote wawili."

"Atakuja."

Tulipotoka nje nilimshika mkono. "Umekuja kufanya nini?"

"Greda, yule mtoto ameniamkia, nimeitika marahaba. Ukishaitika marahaba, utamvulia vipi suruali kwa maneno?"

"Muombe mwanaume."

"Mwanaume aliyepo ni mpwa wa mke wangu."

"Basi mwambie Evodia. Ni mkeo, hajakuamkia."

Akatembea kwanza, tukafika karibu na barabara. "Nikimwambia, nimekwisha," akasema. "Sasa hivi nimekwama tu. Mtu aliyekwama bado anasukumwa." Kisha akaniapisha nisimwambie mtu.

Evodia hakufundishwa lolote, maana hakuambiwa kwamba ameitwa. Lakini mwanamke hahitaji kuitwa ili ajue kuna ukuta kitandani. Alikuja kwangu asubuhi moja nikiwa napura maharage uani. Akachuchumaa, akaanza kunisaidia kupepeta.

"Shemeji, nikuulize. Na leo usinipandishe greda."

"Uliza."

"Sadoki ana mwanamke?"

"Hana."

"Basi ana nini?"

Kiapo ninacho, na yeye huyu hapa amekaa, ungo mikononi, na macho yamevimba. Nikaona kiapo kitanisamehe.

"Ni sukari, shemeji. Ikikaa mwilini inaua mishipa ya kule. Mwanaume anabaki na hamu kichwani, mwili hauitiki. Anaona aibu kukwambia."

Evodia alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Sukari imeingia mpaka chumbani."

"Kweli kabisa."

"Na hii uliikuta chini ya barabara gani?"

"Shemeji, siku hii ya leo..."

"Nilijua utamfichia. Nyie mkifichiana mnatafuta hata magonjwa." Akapuliza makapi, akaweka ungo chini taratibu. "Sukari ninaishi nayo, shemeji. Naipikia, naiosha miguu. Kama ingekuwa na mambo hayo, ningekuwa wa kwanza kuambiwa."

Akaondoka. Nimedanganya watu wa mkoa huu maisha yangu yote na wameniamini nusu nusu, wakanipa na pombe juu yake. Siku niliyosema kweli nilibaki na ungo.

Mnadani kulikuwa na muuza dawa za miti mwenye kipaza sauti. Sadoki hakunitaka shauri. Alikwenda huko peke yake, akarudi na unga wa magome, wa kukorogwa kwenye asali ya nyuki na kulambwa kijiko kikubwa asubuhi, mchana na jioni. Mtu yule alimwambia na jingine: vidonge vya hospitali ndivyo vilivyomfunga, aviweke kando. Mtu huyo hakumuona Sadoki amegeukia ukuta. Alimwona amesimama mbele yake na shida usoni, na hiyo ilimtosha.

Nilimkuta akilamba.

"Asali si sukari hiyo, fundi?"

"Sukari ni ya kiwandani. Hii imetengenezwa na nyuki."

"Na vidonge?"

"Vimepumzika."

"Utapumzika wewe."

Akafunika kopo, akalirudisha nyuma ya makopo ya vanishi. "Vile vidonge vinanipa uhai wa kufanyia nini, Greda? Wa kutazama ukuta?"

"Nitamwambia Evodia umeacha dawa."

"Mwambie. Wewe unaaminika sana."

Hapo alinikata maini, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilirudi hata hivyo kesho yake, na keshokutwa, nikamsomea, nikamtisha, nikamtungia mtu wa Namanyere aliyelamba asali mpaka nyuki wakahamia puani. Alicheka kwa heshima. Mwili wake ukawa unapungua ndani ya shati. Aliuchora mstari wa penseli kwenye ubao, kisha msumeno ukapita kando yake, naye hakuona. Aliunga kitanda cha watu wa Mpui, wakakikalia wote wawili, nacho kikalia. Ndiyo mara ya kwanza. Alikirudisha kwenye benchi, akaegemea ukuta kwa muda.

"Dawa inafanya kazi?" nikamuuliza.

"Inajenga msingi kwanza."

Mchana huo Evodia alileta chakula cha mumewe, kama kawaida, kwenye bakuli lililofungwa kitambaa. Alisahau kijiko. Akaanza kutafuta pale kwenye rafu, mimi nikiwa nimeshika ncha ya ubao na Sadoki ameshika nyingine, na wote wawili tukiwa tumeshika ubao hatukuweza kumzuia. Akalitoa kopo nyuma ya vanishi. Lilikuwa na lebo ya simba, na maneno chini ya simba ambayo hata asiyejua kusoma angeyaelewa.

"Ya nani hii?"

Alikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na sisi wote tulikuwa watu wazima. Nikamtazama Sadoki, nikamsukumia ubao kidogo.

"Ya mteja," akasema.

"Mteja kaacha dawa kwako, na kijiko changu cha uji kimo ndani."

Sadoki akaweka ncha yake ya ubao chini.

"Nyumbani unageukia ukuta," Evodia akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayehesabu mishono. "Huku unakunywa za nguvu. Kwa hiyo nguvu zina mahali zinapokwenda."

"Mama Suma..."

"Sipigi kelele. Nilidhani umechoka, nikakuonea huruma. Kumbe unaweka akiba."

Akaweka kopo mezani, kando ya ugali wa ulezi, akautandaza ule mtandio wake vizuri begani, akatoka. Asubuhi yake akapanda basi la kwenda kwao Mpui.

"Mfuate," nikamwambia Sadoki. "Basi bado liko stendi. Mwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba hiyo dawa nainywa na bado haiitiki?" Akachukua randa, akaitazama kama kitu cha mtu mwingine. "Afadhali anione mhuni, Greda. Mhuni ni mwanaume."

Basi likaondoka.

Ikaja baridi. Nyumba ya Izia ikawa haina moto wala mtu wa kugeuza nyayo. Sadoki akahamia karakana mchana kutwa, akala kwa mama lishe, chai ya maziwa iliyokolea sukari na chapati, na asali juu yake. Kufukuza baridi alikuwa na jiko lake la vumbi la mbao, kopo kubwa la rangi lililoshindiliwa vumbi na kutobolewa chini, ambalo likishika moto linawaka taratibu kutwa bila kuonyesha mwali. Mafundi wote wa hapa wanalo. Ukikaa, unaweka miguu ukingoni, joto linapanda mpaka magotini, unabarikiwa. Likizidi, miguu inakwambia, unaitoa.

Nikaingia siku moja nikitoka kwenye upepo, masikio yamekufa. Sadoki alikuwa kwenye kigoda, ubao mapajani, penseli mkononi, miguu juu ya jiko. Harufu ilinipokea mlangoni.

"Fundi, leo umechoma mbuzi bila kuniita?"

Akacheka. "Mbuzi gani?"

"Hiyo nyama."

Akavuta hewa. "Hata mimi naisikia," akasema. "Ni kwa jirani."

Kisha nikatazama chini. Kandambili ya mguu wa kulia ilikuwa imeyeyuka ikashikana na ukingo wa kopo, na mguu ulikuwa bado ndani yake. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kati ya vidole. Sadoki alikuwa anatazama mstari wake wa penseli.

Nilipiga teke jiko likaanguka. Yeye akauinua mguu kwa mikono miwili, akaugeuza, akaona unyayo. Hakushtuka. Aliutazama kama mzigo ambao mtu kaacha hapo akiomba utunziwe.

"Kumbe," akasema. Basi.

Nikataka twende hospitali saa ile ile. Akakataa, akasema hauumi. "Kidonda kisichouma si kidonda." Akaupaka asali ile ile ya dawa, akaufunga kitambaa. Kila nilipokuja alisema unakauka. Hakuniruhusu kuufungua. Harufu ikaanza kusema peke yake, wateja wakawa wanasimamia nje. Nikampata siku moja ameinamia benchi, anatetemeka, anaongea Kinyakyusa na mtu asiyekuwepo. Nikaita bajaji, nikampakia kama ubao.

Hospitali walikata vidole kwanza. Evodia hakupokea simu zangu, kwa hiyo nikapanda basi nikaenda Mpui mwenyewe. Nilimkuta shambani na mama yake, wanang'oa maharage. Akaniona, akaendelea kung'oa.

"Sadoki wamemkata vidole vya mguu," nikasema.

Akasimama. Alinitazama usoni kwa muda, akitafuta mahali ambapo huwa nacheka. Hakupaona. Akafungua kanga kiunoni, akaifunga upya, akamwambia mama yake kitu kwa Kifipa, tukaenda barabarani kusubiri basi. Njia nzima hakusema, na mimi, kwenye barabara yangu mwenyewe, sikuwa na la kusimulia.

Tulipofika, mguu ulikuwa umeshakatwa kifundoni. Happy alitukuta kwenye korido. Alimwamkia Evodia, akamkalisha kwenye benchi, akakaa naye.

"Mama, nilimwambia baba aje na wewe kliniki. Hukuja."

"Sikuambiwa."

Happy akashusha pumzi. Kisha akamwambia yote, kwa utaratibu, kama mtu anayefungua bandeji: kwamba sukari inaharibu mishipa midogo ya damu na ile ya kuhisi, miguuni mtu anaungua bila kujua, machoni anaona ukungu, na kwa wanaume inafika hata kwenye tendo la ndoa, mara nyingine kabla ya vyote hivyo. "Huko ndiko huwa inabisha hodi mwanzo. Ndiyo maana tunauliza. Nilimuuliza kila alipokuja. Akasema hakuna neno."

Evodia aligeuka taratibu akanitazama.

"Ulinambia," akasema.

"Nilikwambia."

"Ulinambia kwa mdomo ule ule." Akarudisha macho kwa Happy. "Angesema, ingepona?"

"Wengine sukari ikishuka mwili unarudi. Wengine wanahitaji dawa. Zipo. Wengine hairudi, lakini wanajua wawili, wanaishi."

"Na sasa?"

Happy alitazama mikono yake. "Sasa tunaangalia mguu, mama."

Mguu nao haukukubali. Wiki iliyofuata wakakata chini ya goti. Nilikuwepo daktari alipomweleza kwamba kidonda cha juu hakifungi, inabidi wapande kidogo. Sadoki alikuwa mchangamfu kabisa. "Nyie mnakata kulinganisha," akamwambia. "Mimi kwangu ni marufuku." Daktari alidhani ni homa.

Nilidhani Evodia atamwambia kitu, au Sadoki atamwambia. Niliwaachia chumba mara nyingi kwa makusudi, nikaenda kusimama nje na upepo. Nikirudi nawakuta vile vile, Evodia anamlisha uji, Sadoki anameza. Jioni moja Evodia alinisindikiza mpaka getini.

"Nimerudi kumuuguza, shemeji," akasema. "Hayo mengine usiniulize. Sina hasira. Ningekuwa na hasira ingekuwa rahisi. Mtu aliona ni heri nimwite malaya kuliko nimjue. Miaka yote hiyo nimemshika miguu." Akafunga mtandio. "Nimechoka, basi."

Walipomruhusu, nikampeleka Izia kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima kanisani. Chumbani kilikuwepo kitanda chake, cha kwanza alichojitengenezea, cha mninga mweusi kwa uzee, kirefu cha kwenda juu kama vitanda vya zamani. Alijaribu kukipanda kwa mguu mmoja, akashindwa, tukamdaka. Godoro la Evodia lilikuwa limeshahamia chumba cha Suma. Hakuuliza. Alikitazama kitanda.

"Kikate miguu," akaniambia.

"Mimi?"

"Macho yangu hayaoni mstari. Wewe kata, mimi nitapima."

Akapima kwa kiganja, akipapasa mguu wa kitanda kutoka chini kwenda juu, akaweka alama kwa ukucha. Nikakata. Mninga wa zamani ni mgumu, unalia chini ya msumeno kama mnyama, na kila nilipopumzika nilimwona ameshika paja lake kwa mikono miwili. Nilikata yote minne. Tukakigeuza, tukakisimamisha. Kilikuwa kinayumba, maana mimi ni mtu wa greda.

"Ngoja nipunguze huu," nikasema.

"Acha." Akanyoosha mkono kana kwamba anazuia gari. "Weka boksi."

Nikachana kipande cha boksi la sabuni, nikakikunja, nikaweka chini ya mguu wa upande wa mlango. Kikatulia. Nikamwinua Sadoki kutoka kitini, sasa alikuwa mwepesi kama mzigo wa maranda, nikamkalisha upande wa kulia. Akashika ukingo kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa, sikio upande mmoja.

"Lazima kikaliwe pande zote," akasema. Kisha kwa sauti kubwa kidogo, kuelekea mlangoni, "Mama Suma. Njoo ukalie, tukisikilize."

Evodia alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya vuguvugu, la kuosha ule mguu uliobaki. Alikitazama kitanda, akatazama upande wa kushoto, ambao alikuwa ameulalia tangu Suma hajazaliwa. Sikujua mtu anaweza kusimama na beseni lililojaa muda mrefu hivyo bila maji kutikisika.

"Kalia na shemeji," akasema.

Akaweka beseni chini, akatoka. Tukamsikia uani anasogeza sufuria.

Sadoki hakuinua kichwa. Aliendelea kungoja na sikio lake upande mmoja, kwa hiyo nikazunguka kitanda, nikakaa kushoto. Nikahamisha uzito wangu, kama walivyofanya wachumba wote pale Kizwite, kwanza huku, kisha kule.

"Unasikia kitu?" akaniuliza.

"Hapana."

"Kaa vizuri. Jitikise."

Nikajitikisa. Kitanda hakikulia.